Hayo ya chumbani kwake yalifikaje kwenye fomu ya mkopo

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza mama mkubwa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, alikuwa anasubiri magunia yake ya dagaa kutoka Ukerewe na boti ilichelewa kwasababu ziwa lilikuwa limechafuka tangu usiku, basi tukakaa na kina mama wengine tunapiga stori. Likapita gari la matangazo la mwanasiasa, spika mbili juu, muziki mkubwa, picha ya mtu imebandikwa mbele. Mama mmoja akasema taratibu, huyu si ndo yule wa mambo ya mabinti? Kijana mmoja wa mkokoteni akamjibu kwa sauti, "Mama, ya chumbani kwake yanakuhusu nini? We unataka barabara au unataka kujua analala na nani?" Watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, maana hayo maneno nimeyasikia mara nyingi mpaka yanaonekana ni busara.

Mama mkubwa hakucheka. Akamwangalia yule kijana akamwambia, "Chumbani kwake? Mwanangu hakuitwa chumbani kwake, baba. Aliitwa gesti, saa moja usiku, na fomu ya kikundi chetu alikuwa ameishika yeye."

Kijana akanyamaza, akasukuma mkokoteni wake akaondoka.

Mtu ambaye mama mkubwa alikuwa anamsema sio huyo wa kwenye picha, ni mwingine kabisa, wa kata ambayo sitaitaja. Nasema hivi mapema kwasababu huyo wa kwenye gari mimi sijui ukweli wake, nimesikia tu kama kila mtu alivyosikia, na hilo la kusikia tu nitalirudia huko mbele. Lakini ya mdogo wangu, huyo binti wa mama mkubwa, nayajua kwasababu nilikuwepo alivyorudi nyumbani siku hiyo.

Ilikuwa kabla mikopo ya halmashauri haijasimamishwa ile 2023. Wengi mnaijua, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Mdogo wangu na wenzake wanne walikuwa na kikundi cha kukaanga na kufungasha dagaa, yeye ndo katibu, ana mwandiko mzuri na alimaliza form four. Walikuwa wamefungua akaunti, wameandika katiba ya kikundi, wamepiga picha za paspoti, yani kila kitu. Fomu ikaenda kata. Ikakaa. Wakienda wanaambiwa rudini wiki ijayo. Afu siku moja mtu mmoja mwenye sauti pale kwenye kata, mtu wa kuchaguliwa na mwenye familia yake, akampigia simu yeye peke yake, sio mwenyekiti wa kikundi, akamwambia kuna vitu vya kurekebisha kwenye fomu, njoo tuongee, akamtajia gesti. Mdogo wangu alikuwa na miaka 23. Alifika mpaka mlangoni akaona mezani kuna bia mbili na hakuna karatasi hata moja, akageuka. Alirudi nyumbani kwa miguu kutoka huko mpaka Mabatini kwasababu alisema akipanda bodaboda atalia mbele ya dereva.

Ile fomu haikuonekana tena. Wakaambiwa labda hawakuipeleka. Kikundi kikafa, wenzake walikuwa wanamwangalia kama vile yeye ndo ameiharibu, na hakuwaambia ukweli kwa karibu mwaka mzima maana aliona aibu, yeye ndo aliona aibu!

Uchaguzi ulipokuja yule bwana akagombea tena, minong'ono ikawepo kwasababu haikuwa yeye tu, na watu wakasema sentensi ile ile ya kijana wa mkokoteni. Ya chumbani kwake. Akapita.

Sasa hiyo sentensi ndo inayoniuma, na nimeifikiria sana wiki hii. Inafanya kazi kwasababu ndani yake kuna kitu cha kweli. Ni kweli kuna mambo ya mtu ambayo hayatuhusu. Mimi nimekulia mtaa ambao mwenyekiti wake, marehemu sasa hivi, alikuwa na nyumba ndogo, kila mtu alijua, mke wake alijua, watoto wa pande zote mbili tulisoma nao. Na alikuwa mwenyekiti mzuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao, ukienda kugongewa barua saa nne usiku kuna mgonjwa anaamka anagonga muhuri hakuombi hata mia, mgogoro wa mpaka anaumaliza siku hiyo hiyo. Kosa lake lilikuwa kwa mke wake na kwa Mungu wake. Ningekuwa na umri wa kupiga kura enzi hizo ningempa yangu bila kusita. Wapo watakaosema mtu asiyemheshimu mke wake atakuheshimuje wewe, nasikia hilo sana hasa kanisani, na nawaelewa ila sikubaliani nao, nimeona waaminifu kwa wake zao wakila hela ya zahanati.

Shida ni kwamba sentensi iliyotengenezwa kumlinda marehemu mwenyekiti wetu inatumika kumlinda yule wa gesti. Na hao ni watu wawili tofauti kabisa. Mmoja alikuwa na mwanamke. Mwingine alikuwa na fomu ya watu watano, akaweka bei.

Watu wa mwaloni hili wanalijua kuliko wachambuzi wa redioni. Muulize mwanamke yeyote aliyewahi kukaa kambini visiwani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, giza ndo zuri, mbalamwezi ikiwaka kazi inasimama. Sasa zile wiki ambazo dagaa ni wachache na wanunuzi ni wengi, mitumbwi inaingia alfajiri, kina mama wamejipanga kila mmoja na ndoo yake na hela yake mkononi, na bado hela haitoshi, kuna anayeamua nani apimiwe kwanza na nani arudi mtupu, na wapo wanaume ambao hapo ndo wanasema wanachotaka. Upande wa Kenya, kule Kisumu na Homa Bay, mpaka wameipa jina, jaboya. Huku kwetu hatuna jina moja lakini ukitaja kila mtu anaelewa. Hakuna mama hata mmoja pale atakayekwambia kwamba hayo ni mambo ya chumbani ya mvuvi. Watakwambia ni biashara imeharibika. Mama mkubwa ameuza dagaa miaka zaidi ya 30 na alivyosikia habari ya mwanae hakuuliza "kwani amemtongoza?", aliuliza "alikuwa ameshika nini?"

Hilo swali nimeona linafaa kwa kila skendo ya mwanasiasa ninayoijua. Nimekuwa nalijaribu.

Chukua Ufaransa. Wafaransa wanasifika kwamba ya chumbani hawayajali, na Rais Mitterrand, aliyekaa madarakani kuanzia 1981 mpaka 1995, alikuwa na binti nje ya ndoa, Mazarine, aliyezaliwa 1974, na wananchi hawakujua mpaka gazeti la Paris Match lilipotoa picha mwezi wa 11 mwaka 1994. Watu wanaisimulia kama mfano wa ustaarabu, mnaona, familia zote mbili zilikuwepo kwenye mazishi yake 1996, hakuna aliyepiga kelele. Lakini soma vizuri. Yule binti na mama yake walikuwa wanaishi kwenye nyumba ya serikali, na wanalindwa kwa hela ya umma. Na ikulu ilikuwa na kitengo chake cha siri kilichosikiliza simu za watu miaka ya 1983 mpaka 1986, waandishi wa habari, wanasheria, na mmoja wa waliosikilizwa ni mwandishi aliyekuwa anatishia kutoboa habari za huyo mtoto. Kesi ilikuja kusikilizwa miaka mingi baadaye, mwenyewe ameshakufa, na maafisa kadhaa wakatiwa hatiani. Kwahiyo siri ya chumbani ililindwa kwa nyumba za serikali na simu za raia. Mimi kwa yeye kuwa na mtoto nje sina neno, mtoto hana kosa. Ila hizo simu?

Profumo wa Uingereza nadhani wengi wanamjua, waziri wa vita, 1963, msichana aliyekuwa anatoka nae alikuwa na ukaribu pia na afisa wa jeshi la maji wa Urusi aliyekuwa ubalozini London, akasimama bungeni mwezi wa 3 akakana, mwezi wa 6 akajiuzulu kwasababu alikuwa amelidanganya bunge. Hiyo ni rahisi.

Ya Clinton ni ngumu zaidi na mimi nimebadilika. Nilikuwa mdogo 1998 lakini nakumbuka wakubwa wanaiongea kama kichekesho, kwamba Wamarekani wanamtaka mzee wa watu kwa kosa la kiume. Na kwenye karatasi mashtaka yake yalikuwa kusema uongo chini ya kiapo na kuzuia haki isitendeke, Baraza la Wawakilishi likamshtaki mwezi wa 12, Seneti ikamwachia mwezi wa 2 mwaka uliofuata. Lakini ukiuliza swali la mama mkubwa, alikuwa ameshika nini? Alikuwa rais wa Marekani, ana miaka 49, na binti aliyekuwa na mahusiano nae, Monica Lewinsky, ana 22 na yuko mafunzoni ofisini kwake. Binti mwenyewe alisema alitaka, na kwa miaka mingi hakubadilisha hilo, afu 2018, miaka 20 baadaye, akaandika kwamba ameanza kuona ukubwa wa ile tofauti ya madaraka kati yao na kwamba neno kukubali kwenye hali kama ile lina maswali yake. Nani alibeba ile aibu? Yule mzee alimaliza muhula wake na akaendelea kupigiwa makofi kwenye mikutano. Jina la yule dada ndo likawa tusi dunia nzima, mpaka huku kwetu.

Afu kuna ya Zuma wa Afrika Kusini, hii naiongea polepole. Mwaka 2006 alifikishwa mahakamani Johannesburg kwa kosa la kubaka, akasema walikubaliana, mahakama ikamwachia huru mwezi wa 5, na hukumu ni hukumu, siwezi kusema zaidi ya ilichosema. Ila tuache hukumu tuangalie yale aliyoyakubali mwenyewe kizimbani. Aliyemshtaki alikuwa mtoto wa rafiki yake wa zamani wa harakati, baba yake alishafariki, na alilala nyumbani kwa huyo mzee kama mgeni. Alikuwa anaishi na virusi vya ukimwi na Zuma alijua. Na Zuma, ambaye muda mfupi kabla alikuwa makamu wa rais na ndiye aliyekuwa anaongoza baraza la taifa la ukimwi, alisema mahakamani kwamba hakutumia kondomu, na baadaye alioga ili kupunguza hatari ya kuambukizwa.

Sisi wa kanda ya ziwa tusome hapo mara mbili. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa Kagera, ng'ambo ya ziwa hapo, mwaka 1983. Hakuna ukoo ninaoujua ambao haukuzika. Mtu aliyepewa kazi ya kuwaambia vijana jinsi ya kujikinga anasimama mbele ya taifa anasema alioga, hilo ni la chumbani? Hapo ngono yenyewe ndo ilikuwa kazi yake ya ofisini! Na bado 2009 akawa rais. Yule dada, waliyemwita Khwezi ili kuficha jina lake, nje ya mahakama wafuasi walichoma picha zake, ikabidi aondoke nchini mwake, akaenda kuishi Uholanzi na baadaye akaishi hapa hapa Tanzania. Alifariki mwezi wa 10 mwaka 2016. Huwa nafikiria labda nilishawahi kukaa nae kiti kimoja kwenye daladala Dar es Salaam na sikujua ni nani. Mpiga kura wa kwao alisema ya chumbani yaishe, na gharama ya hiyo sentensi ilimfukuza binti wa watu mpaka huku.

Kuna watu wataniambia basi tufunue kila kitu, tuweke yote mtandaoni wapiga kura waamue. Hapana. Mnakumbuka zile video za Guinea ya Ikweta za mwezi wa 11 mwaka 2024, za Engonga? Kwenye magrupu yote ya WhatsApp niliyomo ziliingia siku mbili, grupu la ukoo, grupu la kwaya, grupu la wazazi wa shule. Watu walicheka mpaka wakatengeneza stika. Huyo bwana alikuwa mkuu wa taasisi ya kuchunguza uhalifu wa kifedha, alikuwa ameshakamatwa kwa tuhuma za kula hela ya umma kabla hata video hazijavuja, na mwezi wa 8 mwaka 2025 akahukumiwa miaka 8 jela kwa hiyo hela. Nimeuliza watu kumi hivi wiki hii, wote wanazikumbuka video. Mmoja tu alikumbuka kuna hela. Na wale wanawake, sura zao zilizunguka Afrika nzima, na wala hawakuwa wametusaliti sisi kwa lolote.

Kwahiyo kumwaga video sio kuwajibishana. Na uvumi ndo mbaya zaidi kwasababu unawapiga wanawake kuliko wanaume. Mwanaume akisemwa ana wanawake kumi anaitwa kidume, mwanamke akipata tu ubunge wa viti maalum, hata kama amekijenga chama kwa miaka 15, swali la kwanza mtaani ni alilala na nani. Na hapo hapo watu hao hao hawaulizi, kama kweli kuna aliyelala ili apate, aliyekuwa anagawa hivyo viti ni nani na mbona jina lake halitajwi. Wanawake wangapi wameogopa kuchukua fomu ya kugombea kwasababu ya hayo maneno? Mimi namjua mmoja, mwalimu, alikuwa anafaa kabisa.

Ndo maana nilisema ya yule wa kwenye gari la matangazo siyajui. Kama kuna binti ana la kusema nitamsikiliza. Kama ni kwamba tu anapenda wanawake, mimi nitamhoji kuhusu maji ya Nyakato.

Nilivyorudi nyumbani Jumamosi ile nikafungua Katiba, ibara ya 67, sifa za mbunge. Awe na miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mwanachama wa chama cha siasa, na asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi ndani ya miaka mitano. Kodi imo kabisa kwa jina lake. Nikarudi nyuma zaidi kwenye miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967, kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Wazee wetu waliwaza sana habari ya kiongozi kutumia nafasi yake kupata nyumba. Kutumia nafasi yake kupata mtoto wa mtu hawakuiandika. Imekuja kuandikwa baadaye, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, kifungu cha 25, inasema mwenye mamlaka akitumia mamlaka yake kudai ngono ili mtu apate ajira au cheo au haki au upendeleo, ni kosa la rushwa. Sikilizeni, imewekwa kwenye sheria ya rushwa! Pamoja na bahasha na tenda. Sheria yenyewe inakubaliana na mama mkubwa.

Kwahiyo yule wa fomu ya mdogo wangu alikula rushwa, au alitaka kula, na sisi tulimpigia kura mla rushwa huku tukijiambia tunaheshimu faragha yake. Angekuwa ameomba laki mbili tungesema anatuibia. Mimi mwenyewe nilimpa kura yangu uchaguzi wa nyuma yake, nilishasikia minong'ono, nikajibu hivyo hivyo kama kijana wa mkokoteni. Sikuwa nimejua kwamba zamu inayofuata itafika kwetu. Na kama nisingekuwa na ndugu aliyerudi nyumbani kwa miguu labda mpaka leo ningekuwa najibu hivyo, hilo linaniumiza kuliko yote.

Boti iliingia karibu saa saba mchana. Tulivyomaliza kuhesabu magunia mama mkubwa akaniambia mikopo imerudi, na mdogo wangu anataka kuanza tena, wamepatikana wanawake watano, wawili ni wale wale wa mwanzo, sasa hivi wanajua kilichotokea. Fomu wamejaza. Anaogopa kuipeleka peke yake.

Tunaenda nae kesho, wote sita. Tumetoa kopi tatu, moja inabaki kwa mama mkubwa, na tutaomba wagonge muhuri wa kupokea na tarehe mbele yetu.